Nondo Hajifichi Usiku

Watu wengi wakisikia kwamba nondo fulani ana rangi ya kujifichia, hudhani rangi hiyo humkinga usiku anaporuka. Sivyo. Gizani adui yake mkubwa ni popo, na popo huwinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe, kwa hiyo mbawa zikiwa nyeupe au nyeusi kwake ni mamoja. Rangi huanza kazi alfajiri, ndege wanapoamka na nondo anapolazimika kutulia mahali pamoja mpaka jua lizame. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kumwelewa mdudu huyu wa usiku amchunguze namna anavyoupitisha mchana.

Ushahidi bora uko Uingereza, kwa nondo aitwaye kitaalamu Biston betularia. Kwa asili mbawa zake ni nyeupe zenye vidoa vyeusi, kana kwamba zimenyunyiziwa pilipili manga. Akizilaza bapa juu ya gome lililotandwa na likeni, ule utando wa kijivu unaoota kwenye miti, ukingo wa mwili wake hauonekani tena. Mwaka 1848 alionekana mweusi tititi mjini Manchester. Kufikia 1895, takriban asilimia 98 ya nondo hao mjini humo walikuwa weusi. Moshi wa viwanda ulikuwa umeua likeni na kupaka miti masizi. Katika miaka ya 1950 mtafiti Bernard Kettlewell aliwatia alama nondo wa rangi zote mbili na kuwaachia katika msitu wenye masizi karibu na Birmingham, kisha katika msitu safi wa Dorset. Kila mahali, wale ambao rangi yao haikuafikiana na miti ndio waliopungua zaidi. Sheria ya hewa safi ilipopitishwa mwaka 1956 na masizi yakaanza kupungua, nondo weusi nao walififia mwaka hadi mwaka, na leo ni adimu.

Wapinzani wa ushahidi huu wana hoja, na baadhi ni za haki. Kettlewell aliwaachia nondo mchana, wengi mno mahali pamoja, na kwenye mashina ya miti, ilhali ilisemekana kwamba porini hawakai huko. Michael Majerus wa Cambridge alizichukua lawama hizo moja moja. Kati ya 2001 na 2007 aliachia nondo 4,864, wachache kwa wakati mmoja, akiwaacha wajichagulie pa kutua usiku; asubuhi alihesabu waliobaki. Weusi walitoweka zaidi, na kwa darubini aliwaona ndege wa aina tisa wakiwala. Alipopanda miti kuwatafuta waliotua wenyewe, aliwapata 135: zaidi ya theluthi moja walikuwa kwenye mashina, na kama nusu kwenye matawi. Kwa maoni yangu lawama ile ilimsaidia mtuhumiwa, maana bila yake kazi hii ngumu isingefanywa. Dai la zamani kwamba viwavi waliingiwa na weusi kwa kula majani yenye masizi nalo limekwisha: mwaka 2016 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba chanzo ni kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo cortex, yapata mwaka 1819.

Labda mtu atasema: basi yote ni rangi, na nondo mwenyewe hafanyi lolote. Hapa pia ushahidi unakataa. Watafiti wa Korea waliwafuatilia nondo wa aina mbili za jamii hiyohiyo pana, wakaona kwamba wengi wakishatua hawatulii. Hutembea na kugeuka juu ya gome. Watu walioonyeshwa picha za nondo hao walitaabika zaidi kuwaona baada ya kujipanga upya kuliko walipokuwa wametua tu. Kiwavi wa Biston ndiye mjuzi zaidi: hujinyoosha akaonekana kijiti, na ngozi yake hugeuka kijani au kahawia kulingana na kijiti alichopo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, viwavi walizibwa macho kwa rangi nyeusi, lakini wakaendelea kubadilika vilevile, na walipopewa vijiti viwili wachague, wengi walipanda kile kilichofanana nao. Jeni za kuhisi mwanga zilikutwa zikifanya kazi ngozini mwao.