Kutengeneza Choo Upya: Qiblah Kwanza, Mabomba Baadaye

AlhamduliLlaah. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoishi Tunduma, mkoani Songwe, wakitaka kutengeneza upya choo na bafu, tunawanasihi waijue Qiblah kabla fundi bomba hajachimba sakafu.

Katika Hadiyth ya Abu Ayyuub (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuielekea Qiblah au kuipa mgongo wakati wa haja, akaamrisha kuelekea mashariki au magharibi. Walioambiwa ni watu wa Madiynah, ambao Makkah iko kusini kwao. Kwetu iko kaskazini, hivyo inatufaa vilevile. Visiwani Qiblah ni kaskazini takriban moja kwa moja; Tunduma hupinda kidogo mashariki.

Wanachuoni wa Kishafi'i wameruhusu ndani ya jengo, ila kujiepusha ni bora. Basi mwenye choo cha zamani hana dhambi ya kukiacha kilivyo. Lakini anayeanza upya akigeuze sasa, kwani vigae vikishabandikwa, kuhamisha bomba la maji taka ni kuvunja tena.

Mengine ya kupanga na fundi:

- Sakafu iteremkie kwenye tundu la maji, yasituame.
- Pa kuogea patengwe na choo, najisi isiruke mwilini.
- Mpira wa kustanjia uwe kulia, kwani mkono wa kushoto ndio unaosafisha.
- Shimo la maji machafu likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, hata kisima cha jirani. Kumdhuru ni haramu.

Wa Allaahu A'lam.