Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Ustadi wa Filamu ya “Double Indemnity”

Katika hadithi nyingi za upelelezi, mtazamaji huketi akingoja kuambiwa ni nani aliyeua. Jina la muuaji hufichwa kama johari sandukuni, likatolewa dakika ya mwisho. Filamu ya Marekani iitwayo “Double Indemnity”, iliyotolewa mwaka 1944, ilifanya kinyume kabisa. Kabla dakika kumi za kwanza hazijatimia, mwanamume mwenye jeraha la risasi begani anaingia ofisini usiku, anaketi mbele ya mashine ya kunasa sauti, na kukiri kwamba yeye ndiye muuaji. Aliua kwa ajili ya fedha na kwa ajili ya mwanamke, na vyote viwili amevikosa.

Ikiwa muuaji amekwisha kujitaja, ni kitu gani basi kinachomshikilia mtazamaji kitini mpaka dakika ya 107, ambayo ndiyo ya mwisho? Jibu la swali hilo ndiyo sifa ya waandishi wa filamu hiyo na ya mwongozaji wake, Billy Wilder.

KISA CHENYEWE

Mwenye kukiri ni Walter Neff, wakala wa kampuni ya bima katika mji wa Los Angeles, na mambo yenyewe yanatokea mwaka 1938. Neff anakwenda katika nyumba ya Bwana Dietrichson kumkumbusha kwamba bima ya gari lake imekwisha muda. Bwana hayupo; anayemkuta ni mkewe, Phyllis, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na kikuku mguuni. Haupiti muda mrefu kabla mwanamke huyo hajaanza kuuliza habari za bima ya ajali, na kama mume aweza kukatiwa bima hiyo pasipo mwenyewe kujua.

Neff anaelewa mara moja maana ya swali hilo, akakasirika na kuondoka. Lakini hasira haimzuii. Miaka mingi kazini imemfundisha hila zote za wadanganyifu, na moyoni mwake amekwisha kuwaza jinsi mtu aliye ndani ya kampuni angeweza kuishinda kampuni yake. Mume anatiwa saini karatasi akidhani ni za bima ya gari, kumbe ni hati ya bima ya ajali ya dola 50,000. Ndani yake mna kifungu kisemacho kwamba akifa kwa ajali ya namna iliyo nadra, kama vile ajali ya treni, malipo yatakuwa maradufu, yaani dola 100,000. Kifungu hicho ndicho kilichoipa filamu jina lake.

Wauaji hao wawili wanapanga kila hatua. Mume anauawa garini akiwa njiani kwenda stesheni. Neff, akitembea kwa magongo kama marehemu aliyekuwa amevunjika mguu, anapanda treni badala yake, anaruka kutoka behewa la nyuma, kisha maiti inalazwa relini. Mpango hauna tundu hata moja. Tundu limo katika mioyo ya waliopanga.

WAANDISHI WAWILI WASIOPATANA

Asili ya kisa hiki ni tukio la kweli. Mwaka 1927, jijini New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimwua mume wa mwanamke huyo, ambaye alikuwa amekatiwa bima kubwa kwa siri. Wote wawili walinyongwa kwa umeme mwezi Januari 1928. Mwandishi James M. Cain, aliyepata kuwa mtu wa magazeti, alichota wazo hapo akatunga hadithi iliyochapwa gazetini mwaka 1936. Hata kabla ya kuchapwa, mwaka 1935, studio za Hollywood ziliitamani. Lakini ofisi iliyosimamia maadili ya filamu ikasema haifai kamwe kuonyeshwa kwa sababu ya uovu uliomo. Ikakaa miaka minane bila kuguswa.

Billy Wilder alipoichukua, mwenzi wake wa siku zote katika uandishi, Charles Brackett, hakutaka kushiriki. Ndipo akaajiriwa Raymond Chandler, mtunzi mashuhuri wa vitabu vya upelelezi, mtu wa umri wa zaidi ya miaka 50 ambaye hakuwa amewahi kuandika filamu hata moja. Wawili hao hawakupatana. Wilder alikuwa mkimbizi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka. Alikuwa mwepesi wa maneno, mpenda mzaha, asiyetulia kitini. Chandler alikuwa mkimya, mwenye heshima za kizamani, na alikuwa akipigana na ulevi. Siku moja Chandler aliandika orodha ya malalamiko, mojawapo likiwa kwamba Wilder alikuwa akimpungia fimbo yake usoni na kumwamuru afunge dirisha.

Hata hivyo, ugomvi wao ulizaa matunda. Wilder alitaka mazungumzo ya Cain yabaki kama yalivyo kitabuni. Chandler alikataa, akisema kwamba maneno yale yaliandikwa kwa ajili ya macho na si kwa ajili ya masikio. Waigizaji wakaitwa kuyasoma kwa sauti, na ikadhihirika kwamba Chandler amesema kweli: kilichong'aa kwenye karatasi kilisikika kikavu mdomoni. Wakaandika upya. Cain mwenyewe baadaye alikiri kwamba filamu hiyo ilikuwa na mambo ambayo angependa yeye ndiye angekuwa ameyabuni.

MANENO YENYE MAFUMBO

Kwa kuwa sheria za wakati ule zilikataza kuonyesha tamaa waziwazi, waandishi walilazimika kuificha ndani ya lugha. Katika mkutano wao wa kwanza, Neff anamchokoza Phyllis kwa maneno, naye Phyllis anamjibu kana kwamba yeye ni askari wa usalama barabarani aliyemsimamisha dereva anayekwenda kwa kasi kupita kiasi. Neff anaingia katika mchezo huo, na mambo ya faini, onyo na kasi ya gari yanapokezanwa kama mpira. Hakuna neno hata moja la aibu lililotamkwa, na hata mtoto angeweza kusikiliza asielewe kitu. Lakini mtu mzima anatambua kwamba watu hawa wawili wamekwisha kuanza safari, na kwamba aliyepewa onyo hana nia ya kupunguza mwendo.

Vivyo hivyo kwa mahali. Mauaji hayapangwi katika pango la majambazi, bali katika duka kubwa la vyakula, katikati ya rafu za makopo. Wauaji wanazungumza bila kutazamana, huku akina mama wakipita kununua mahitaji ya nyumbani, na mmoja wao anamwomba Neff amfikishie chakula cha mtoto kilicho juu. Kwa tukio hilo dogo, mtazamaji anakumbushwa kwamba uovu hauna sare ya kutambulikana. Huvaa nguo za kawaida na kupanga foleni pamoja na watu wema.

USO WA MWANAMKE NA GARI LISILOWAKA

Wilder alijua kipi cha kuonyesha na kipi cha kuacha. Wakati wa mauaji, Phyllis anaendesha gari, mume ameketi ubavuni mwake, na Neff amejificha kiti cha nyuma. Mwanamke anapiga honi mara tatu, ambayo ndiyo ishara waliyopatana. Hapo kamera haimwonyeshi muuaji wala anayeuawa. Inabaki usoni mwa Phyllis, ambaye ni mwigizaji Barbara Stanwyck, akitazama barabara mbele yake bila kupepesa. Sauti ya mume inasikika, kisha inanyamaza. Mtazamaji hakuona tone la damu, lakini ameona jambo la kutisha zaidi, yaani moyo usiotikisika.

Baada ya kuiacha maiti relini, wanarudi garini kukimbia. Phyllis anawasha gari, haliwaki. Anajaribu tena, haliwaki. Wanatazamana kimya gizani. Neff ananyosha mkono taratibu, anageuza ufunguo, na injini inashika. Wilder alisimulia kwamba tukio hilo halikuwamo katika maandishi. Alikuwa amemaliza kupiga picha za sehemu hiyo, akatoka kwenda kula chakula cha mchana, na gari lake mwenyewe likakataa kuwaka. Akarudi mbio kuzuia vifaa visiondolewe, akaipiga picha upya. Jambo la ajabu ni kwamba katika dakika hiyo kila mtazamaji, hata askari mwadilifu, hujikuta akiomba gari liwake. Anawatakia wauaji wafanikiwe! Hivyo ndivyo mwongozaji hodari anavyomfanya mtu mwema aone jinsi njia ya uovu ilivyo karibu na mlango wake.

Mpiga picha John F. Seitz naye alitimiza wajibu wake. Mwanga unapenya katika mapazia ya vibao na kumwangukia Neff kwa mistari myeusi na myeupe, kama nondo za gereza zinazomngoja. Mwaka 1946, filamu za namna hii zilipofika Ufaransa kwa pamoja baada ya vita, wahakiki wa huko waliziita filamu nyeusi, na jina hilo limebaki hata leo.

MPELELEZI NA RAFIKI YAKE

Lakini kiini cha filamu hii si mapenzi ya Neff na Phyllis. Kiini chake ni urafiki wa Neff na Barton Keyes, mkuu wa idara ya madai ya bima, aliyeigizwa na Edward G. Robinson. Keyes ni mtu mfupi, mkali, ambaye mifuko yake haikosi sigara nene na haina kiberiti kamwe. Kila mara Neff humwashia njiti kwa ukucha wa kidole gumba. Keyes husema kwamba ndani ya kifua chake mnakaa mtu mdogo anayemsumbua kila anapoletewa dai la uongo.

Mkubwa wa kampuni anapodai kwamba Dietrichson alijiua, Keyes anamfundisha kazi. Anamtajia takwimu za kujiua kwa kila namna, akionyesha kwamba hakuna mtu anayejiua kwa kuruka kutoka treni iendayo maili 15 kwa saa. Kisha, peke yake, anagundua jambo ambalo mpelelezi yeyote angelionea fahari: marehemu alivunjika mguu akiwa na bima ya ajali, na hakudai hata senti. Kwa nini? Pengine hakujua kwamba ana bima!

Hapo Keyes ameishika kweli mkononi. Naye anaitupa, kwa sababu aliyempelekea marehemu hati ile ni Walter Neff, na kwa Neff hana shaka. Mtu huyu aliyepata kumpeleleza hata mchumba wake mwenyewe anasita mbele ya rafiki mmoja tu. Baadaye Neff anaisikia sauti ya Keyes kwenye mashine ya ofisini akimhakikishia mkubwa wao kwamba Neff ni mwaminifu na kwamba yeye yuko tayari kumdhamini. Hakuna risasi katika filamu nzima iumizayo kuliko maneno hayo.

Ndiyo sababu Wilder hakuwa na haja ya kumficha muuaji. Swali la filamu si nani aliyeua. Swali ni lini Keyes atajua, na atakapojua, uchungu wake utakuwaje.

NJITI YA MWISHO

Wilder alikuwa amepiga picha za mwisho mwingine, kwa gharama kubwa, zikimwonyesha Neff akiuawa katika chumba cha gesi ya sumu huku Keyes akishuhudia. Aliziondoa zote. Alitambua kwamba hadithi imekwisha mapema zaidi, pale alfajiri Neff anapomaliza kukiri, anageuka, na kumwona Keyes amesimama mlangoni akisikiliza. Anajaribu kukimbilia mpaka wa Mexico, lakini nguvu zinamwishia, anaanguka mlangoni. Anamweleza Keyes kwamba alishindwa kumwona mhalifu kwa kuwa alikuwa karibu mno, ng'ambo tu ya meza yake. Keyes anajibu kwamba alikuwa karibu zaidi ya hapo. Kisha Neff anatia sigara mdomoni, mkono wake unashindwa, na kwa mara ya kwanza ni Keyes anayemwashia njiti. Sheria itachukua mkondo wake. Gari la wagonjwa na polisi wako njiani. Keyes hakumficha rafiki yake, wala hakuona haya kumsikitikia.

Filamu hiyo iliteuliwa kugombea tuzo saba za Oscar na haikupata hata moja. Mwaka uliofuata Wilder alitoa filamu kuhusu mlevi, na hiyo ikapata tuzo ya filamu bora. Hata hivyo muda ni hakimu asiyehongwa. Mwaka 1992 “Double Indemnity” iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa huko Marekani, na waandishi wa filamu wangali wanaisoma kama wanafunzi wasomavyo kitabu cha darasani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mlinzi wa sheria, filamu hii ni onyo kwamba ushahidi hauna ndugu wala rafiki, na swali lililoanza kuulizwa halifai kuachwa njiani kwa sababu ya sura ya mtu. Kwa jamaa walioketi nyumbani, ni ukumbusho kwamba uaminifu ni mali isiyokatiwa bima: ukiisha kupotea, hakuna kampuni iwezayo kuulipa, seuze kuulipa maradufu.