Kukamilisha au Kuthibitisha? Istilahi ya Muamala katika Mfumo wa Faili Wenye Daftari

Istilahi "muamala" imeingia katika tehama ikitokea katika biashara, ambako huhitaji pande mbili. Katika mfumo wa faili pande hizo hazipo. Kinachobaki ni sifa moja: hatua zilizofungwa pamoja hufaulu zote, ama huhesabiwa kuwa hazikufanyika kabisa. Makala haya yanafafanua mchakato huo kwa kurejelea ext3, mfumo uliobuniwa na Stephen Tweedie na kuingizwa katika Linux mwaka 2001, ili kubainisha kitenzi kinachofaa kutaja kilele chake.

Kuunda faili moja hubadilisha sehemu kadhaa za diski: saraka, rekodi ya faili na ramani ya nafasi zilizotumika. Umeme ukikatika katikati, sehemu hizo hupingana. Kwa ext2, mtangulizi wake, dawa ilikuwa kuikagua diski nzima. Ext3 hutenga eneo la daftari (neno linalofaa kuliko "jarida", ambalo kwa msomaji wa Kiswahili ni chapisho) na kuandika humo mabadiliko kabla ya kuyapeleka mahali pake. Matendo mengi hukusanywa katika muamala mmoja, ambao kwa kawaida hufungwa kila baada ya sekunde 5. Nakala za bloku zilizobadilika zikishafika daftarini, huandikwa bloku ya mwisho inayoufunga muamala.

Hapa ndipo kitenzi "kukamilisha" kinapopotosha. Bloku hiyo ikishaandikwa, mabadiliko hayapotei tena, lakini huenda bado hayajafika mahali pake pa kudumu. Kompyuta ikiwashwa baada ya hitilafu, miamala yenye bloku ya mwisho hutekelezwa upya kutoka daftarini. Isiyo nayo hupuuzwa. Kilichopatikana, basi, ni dhamana. Kazi yenyewe hukamilika baadaye, bloku zote zikishahamishwa na nafasi ya daftari kuachiliwa. "Kuthibitisha" hutenganisha hatua hizo mbili, na watumiaji wa huduma za pesa kwa simu wamekwisha kulizoea.

Tatizo kama hilo limo katika "kutangua". Bloku ya saraka iliyofutwa inaweza kupewa faili nyingine. Nakala yake ya zamani ikitekelezwa upya, itafuta data mpya. Kwa hiyo daftari hupokea rekodi inayokataza utekelezaji huo. Muamala uliothibitishwa haubatilishwi. Bloku moja tu ndiyo inayorukwa. "Zuio" linatosha.

Hata dhamana yenyewe ina mpaka. Kwa kawaida ext3 huingiza daftarini metadata pekee, na data ya mtumiaji huandikwa moja kwa moja mahali pake kabla ya uthibitisho. Anayeandika juu ya maandishi ya zamani anaweza, baada ya umeme kukatika, kukuta nusu mpya na nusu ya kale ndani ya faili ambayo mfumo unaihesabu kuwa salama.