Kiingilio Si Gharama Yote

Somo letu la leo ni hesabu. Lakini si hesabu ya kitabuni tu. Leo tutapima gharama ya jambo ambalo wengi wenu mwalipenda, yaani kwenda uwanjani kuona kwa macho mchezo wa kimataifa. Chukueni daftari na kalamu, maana kabla ya mwisho tutajumlisha.

Kwanza tufahamu maneno mawili. Kiingilio ni fedha unayolipa ili upate kuingia uwanjani na kukaa. Gharama ni fedha zote zinazokutoka tangu ufunge mlango wa nyumba yako Machame hata urudi ukaufungue tena. Watu wengi huyachanganya maneno haya. Husikia kwamba kiingilio ni kidogo, wakafunga safari, na katikati ya safari mfuko ukawa mtupu.

Tuanze na mchezo wa kriketi, kwa sababu unatuonyesha jambo hili waziwazi. Kriketi ni mchezo wa timu mbili zenye watu kumi na mmoja kila moja. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, na mwingine huupiga kwa ubao wenye mpini. Kuna mchezo wa kriketi unaokwisha kwa muda wa saa tatu au nne, na kuna ule wa mataifa makubwa ambao waweza kuchukua siku tano. Basi mtu atakaye kuuona wote hulipa kiingilio cha siku ya kwanza, cha siku ya pili, na kuendelea hivyo.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa kwa mara ya kwanza huko Uingereza, timu moja iliitwa Afrika Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tarehe 24 Februari 2003, Kenya iliishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia kwenye uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Na mapema mwaka 2026 vijana wa Tanzania wasiozidi miaka 19 walicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao, lililofanyika Zimbabwe na Namibia.

Sasa tazameni. Mchezo ule wa Nairobi ndio mchezo pekee wa Kombe la Dunia la kriketi la wanaume uliopata kuchezwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mzazi wa hapa kwetu atakaye kumwona mwanawe akicheza kriketi katika mashindano makubwa, hapana budi asafiri nchi ya mbali. Kwake yeye, kiingilio ni jambo dogo kuliko yote.

Hata wenye uwanja mlangoni hupata taabu hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2023 India na Pakistan zilikutana katika mji wa Ahmedabad, India. Uwanja wa mji huo waweza kuchukua watu zaidi ya 100,000. Hata hivyo watu waliotaka kuuona mchezo walikuwa wengi kuliko viti, na bei za vyumba vya kulala wageni zikapanda mara nyingi. Magazeti ya India yaliandika kwamba watu wengine waliulizia vitanda vya hospitali, wapimwe afya na papo hapo wapate mahali pa kulala.

Je, bei hupanda kwa sababu gani? Sababu ya kwanza mwaijua tangu zamani, kwa maana kahawa yetu huuzwa mnadani Moshi. Magunia yakiwa machache na wanunuzi wakiwa wengi, bei hupanda. Ndivyo ilivyo kwa viti. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Kahawa ikipata bei, mkulima aweza kupanda miche mingine. Viti vya uwanja havipandwi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una viti 60,000, na usiku wa mchezo mkubwa haviongezeki hata kimoja.

Sababu ya pili ni namna ya kuuza. Zamani bei ya kiti ilitangazwa mara moja, ikakaa hapo. Siku hizi baadhi ya wauzaji huibadilisha bei kadiri watu wanavyoigombea. Hivyo ndivyo ilivyofanywa kwa Kombe la Dunia la mpira wa miguu la mwaka 2026, huko Marekani, Kanada na Mexico. Bei za mwanzo zilitangazwa kuwa kati ya dola 60 na dola 6,730. Washabiki walilalamika sana, na mwezi Desemba 2025 wakuu wa FIFA wakatenga viti vichache vya dola 60 katika kila mchezo, hata fainali.

Sababu ya tatu ni safari yenyewe. Hapa sasa turudi nyumbani, tufanye hesabu.

Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 560. Nauli ya juu ya basi la daraja la kawaida hupangwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kila kilomita moja. Hadi mapema mwaka 2022 ilikuwa shilingi 36.89. Mwaka huo ikawa shilingi 41.29. Mwezi Desemba 2023 ikapandishwa tena, ikawa shilingi 48.47. Andikeni hivi:

560 mara 36.89 ni shilingi 20,658.
560 mara 48.47 ni shilingi 27,143.

Tofauti ni shilingi 6,485. Kwa kwenda na kurudi, tofauti ni shilingi 12,970. Maana yake, katika muda wa miaka miwili hivi, gharama ya mtu wa Moshi kwenda kuiona timu yake ya taifa ilizidi kwa karibu shilingi 13,000, hata kama kiingilio hakikuongezwa senti moja.

Sasa tujumlishe safari yote ya mtu mmoja. Nauli tumeihesabu kwa kipimo cha Desemba 2023. Bei nyingine ni za mfano tu, nanyi mtaweka zenu.

Nauli ya basi, kwenda na kurudi: 54,300
Kiingilio: 5,000
Kulala usiku mmoja: 20,000
Chakula: 15,000
Magari ya mjini: 4,000
Jumla: 98,300

Kitazameni kiingilio katika hesabu hii. Ni sehemu moja tu katika sehemu ishirini. Kama wenye uwanja wangesema, "Ingieni bure," bado ungetumia shilingi 93,300. Kwa mkulima wa ndizi na kahawa hizo si fedha za mchezo.

Sasa kuna habari inayobadili hesabu. Mwezi Septemba 2023, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Kwa ajili hiyo Arusha ilichaguliwa kujengewa uwanja mpya wa watu 30,000, na ujenzi ulianza mwaka 2024. Kutoka njia panda ya Machame hadi Arusha ni karibu kilomita 70 tu. Kwa kipimo kile kile cha nauli, kwenda na kurudi ni shilingi 6,800. Tufanye mfano mwingine, wa mtu arudiye kulala kwake:

Nauli ya basi, kwenda na kurudi: 6,800
Kiingilio: 5,000
Chakula: 5,000
Magari ya mjini: 2,000
Jumla: 18,800

Hapa kiingilio kimekuwa zaidi ya robo ya gharama. Kiingilio kikipandishwa hadi shilingi 30,000, jumla itakuwa shilingi 43,800, yaani zaidi ya mara mbili. Basi somo lenyewe ni hili: uwanja ukiwa mbali, kinachomzuia mtu ni safari, uwanja ukiwa karibu, kinachomzuia ni kiingilio. Nauli hupanda pamoja na mafuta, wala hatuna la kufanya. Lakini kiingilio hupangwa na watu, na watu waweza kuulizwa.

Tena bei kubwa haimfai muuzaji kila mara. Tarehe 1 Septemba 2024, siku ya nne ya mchezo wa kriketi kati ya Uingereza na Sri Lanka katika uwanja wa Lord's, London, walikuja watu 9,000 hivi, na uwanja ule huchukua watu 31,000. Watu wengi walisema sababu ni kiingilio kikubwa. Lakini mwaka 2025, India ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la kriketi la wanawake, viingilio vya michezo ya mwanzo vilianzia rupia 100, bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu.

Yafaa pia tuseme upande wa pili. Kiingilio kidogo peke yake hakitoshi. Mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN huko Nairobi, watu wasio na tiketi walijipenyeza katika uwanja wa Kasarani, na wakuu wa mpira wa Afrika wakaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe. Tiketi zikawa za simu tu. Basi kama hujui kununua kwa simu, jifunze sasa kwa kijana wako. Usingoje asubuhi ya mchezo, maana hapo ndipo walanguzi wanapokungoja.

Kadhalika, msiende mmoja mmoja. Watu kumi na wanne wakikodi gari moja dogo toka Machame, wataweza kurudi usiku ule ule, hata kama mabasi yamekwisha. Na mkianza leo kuweka fedha kidogo kidogo katika kikundi chenu, kila mtu shilingi 500 kwa wiki, baada ya wiki 40 kila mmoja atakuwa na shilingi 20,000. Linganisheni na jumla yetu ya Arusha, mtaona kwamba yatosha.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kuna tofauti gani kati ya kiingilio na gharama?
2. Hesabu yetu ya Arusha imeanzia njia panda. Ongezeni nauli ya kushuka toka kijijini kwenu na kurudi. Jumla sasa ni shilingi ngapi?
3. Mtu akitaka kwenda na mkewe na watoto wawili, gharama itakuwa kiasi gani? Je, ni kitu gani ambacho hakizidi mara nne?
4. Kama mngeulizwa na wenye uwanja, mngesema viti vingapi katika kila mia viwe vya bei ndogo? Toeni sababu.

Andikeni majibu yenu, mwalimu ayasahihishe. Kwaherini, ndugu zangu, hadi somo lijalo.