Mama, Mungu Kazaliwa na Nani?

Swali hili huja wakati usiofaa. Mko ndani ya gari na mmechelewa shule, au umetoka zamu ya usiku na macho yanafumba yenyewe, halafu sauti inatoka nyuma: "Mama, Mungu kazaliwa na nani?" Kati ya akina mama ninaokutana nao hapa kusini mwa London, karibu kila mwenye mtoto wa miaka minne hadi tisa ameshaulizwa. Majibu tuliyoyatoa mengine yanachekesha. "Muulize baba yako" ndilo maarufu zaidi. Lakini mama mmoja alimkemea mwanawe: hiyo ni kufuru, usirudie tena. Mtoto hakurudia. Alipofika miaka 14, mama akagundua kwamba swali lilihamia kwenye simu, kwa watu wa video asiowajua. Huko kijana alishapata jibu, na alishaliamini, na mezani kwao hakuna aliyejua.

Ndiyo maana nashauri tusilikimbie.

Kwanza tuelewe anayeuliza ni nani. Nilipokuwa nasoma stashahada ya uuguzi nyumbani, somo la ukuaji wa mtoto halikupita bila jina la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Miaka ya 1920 aliwahoji watoto wadogo kuhusu jua, maziwa na milima vilikotoka. Aliona kwamba mtoto mdogo hudhani vitu hivyo vimetengenezwa na mtu: ziwa limechimbwa, jua limewashwa. Basi mtoto wa miaka mitano anayeuliza Mungu kazaliwa na nani hajaasi dini. Kila kitu chema anachokijua kina mama, naye anatafuta mama wa huyu.

Na sisi tunamkoleza. Sikiliza simu zetu za nyumbani siku za Jumapili. Bibi akitajiwa rafiki mpya wa mjukuu wake, swali la kwanza si anasoma nini wala anaishi wapi. Ni "Mtoto wa nani huyo?" Kisha ukoo, kisha kijiji. Mtu asiyejulikana wazazi wake hatujui tumkalishe wapi. Mtoto aliyekua akisikia hivyo, ukimwambia yupo mmoja anayetuona usiku na mchana, lazima naye aulize: wa nani?

Shule nazo zinachangia, na si kwa ubaya. Katika shule za msingi za England historia ya Ugiriki ya kale imo kwenye mtaala, na humo mtoto hukutana na Zeus, ambaye ana baba aitwaye Kronos na mama aitwaye Rhea, na babu na bibi pia. Kronos aliwameza watoto wake akiogopa wampindue, na kwa mtoto wa darasa la nne hakuna hadithi tamu kuliko hiyo. Mshairi Hesiod aliipanga nasaba yote ya miungu hiyo, zamani sana kabla ya Kristo, katika utenzi ambao jina lake, Theogonia, maana yake ni kuzaliwa kwa miungu. Kwa hiyo mtoto anarudi nyumbani na hesabu inayoeleweka: Zeus ana baba, wetu je?

Nyumba nyingi zetu ni za Kiislamu au za Kikristo, na ukoo wetu sisi watu wa Tanga una zote mbili. Mimi ni Mkatoliki, mama mdogo aliolewa na Mwislamu, na watoto wake ni ndugu zangu wa kufa na kuzikana. Naandika nikiwa na nyumba zote mbili mbele yangu.

Kwa Mwislamu jibu liko karibu sana, kwa sababu mtoto wa madrasa huwa amelihifadhi kabla ya kulielewa. Sura ya 112, al-Ikhlas, ina aya nne tu, na ndani yake Mwenyezi Mungu anatajwa kuwa hakuzaa, hakuzaliwa, wala hana wa kulingana naye. Wazazi wengi hawawaambii watoto sababu ya kushuka kwake. Kwa mapokezi yaliyomo katika mkusanyiko wa Tirmidhi, washirikina walimtaka Mtume awatajie nasaba ya Mola wake. Yaani waliuliza swali lile lile la Bibi: wa nani? Mwambie hivyo mtoto wako. Ataona kwamba hakuuliza jambo la ajabu, na kwamba sura anayoisoma kila siku ni jibu la swali lake mwenyewe.

Iko pia hadithi mashuhuri, katika Bukhari na Muslim, kwamba shetani humjia mtu akimuuliza nani kaumba hiki na nani kaumba kile, mpaka amuulize nani kamuumba Mola wake; hapo mtu ajikinge kwa Mungu na akome. Wengine huitumia kumfunga mtoto mdomo. Dada yangu, aliyesoma chuo cha dini Tanga kabla ya kuhamia huku, huisoma vingine. Anasema anayeambiwa akome ni mtu mzima anayezungushwa na wasiwasi usioisha, na mtoto anayetaka kujua hayumo humo. Hukumbusha pia mapokezi ya Muslim ambamo masahaba walilalamika kwamba hupata nafsini mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka, na Mtume akawaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Mimi si mwanachuoni, lakini usomaji huo unanikaa vizuri.

Kwetu Wakatoliki shughuli ni kubwa zaidi, maana mtoto wetu ana ushahidi. Kila akisali rozari anamtaja Maria kuwa Mama wa Mungu. Sasa utamwambiaje kwamba Mungu hana mama?

Cheo hicho kilizua ugomvi mkubwa. Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, aliona ni afadhali Maria aitwe Mama wa Kristo. Cyril wa Alexandria alimpinga, na mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukaamua upande wa Cyril. Hoja haikuwa kwamba Maria alimtangulia Mungu au kwamba Mungu alianzia tumboni mwake. Hoja ilikuwa juu ya mtoto: aliyezaliwa Bethlehemu ni nani? Ikiwa ni Mungu aliyetwaa mwili, basi aliyemzaa kwa mwili anaitwa hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 325, mtaguso wa Nikea ulikuwa umemkataa Arius, padri wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana ana mwanzo. Kwa hiyo Mkristo anaposema Baba na Mwana hasemi kuna mmoja aliyetangulia kwa miaka. Walutheri na Wapentekoste wengi hawamwombi Maria hata kidogo, ila kwa Baba asiye na mwanzo hatuna ugomvi nao.

Wala tusidhani wazo hilo lililetwa na meli. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya aliyoichapisha mwaka 1938 baada ya masomo yake hapa London, anaeleza kwamba Ngai wa Wakikuyu hana baba wala mama.

Wanafunzi wa vyuo hukutana na swali hili likiwa na meno. Rafiki wa bweni husema: mnadai kila kitu kina aliyekifanya, basi na Mungu ana wake. Tahadhari, hoja ya wazee haikuwa hiyo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema kila chenye mwanzo kina kilichokianzisha. Nalieleza kwa funguo za kabati la dawa. Asubuhi nazikabidhi kwa muuguzi wa mchana, nami nilizipokea kwa mwenzake wa jana, naye kwa wa juzi. Rudi nyuma miaka 1000, mlolongo wa makabidhiano hauwezi kukueleza funguo zilitoka wapi. Lazima yupo asiyezipokea kwa mtu. Kumuuliza huyo "nawe ulikabidhiwa na nani?" ni kumrudisha kwenye foleni ambayo tumeshasema hayumo.

Upande wa pili nao una hoja, na mwanafunzi aijue. Tarehe 6 Machi 1927, katika ukumbi wa mji wa Battersea, Bertrand Russell alisimulia kwamba akiwa na miaka 18 alisoma wasifu wa John Stuart Mill, ambaye baba yake alimfundisha kwamba swali la nani kaniumba huzaa papo hapo swali la nani kamuumba Mungu. Russell akauliza: kama kinaweza kuwepo kitu bila chanzo, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe? Hilo si swali la kipumbavu. Naamini ulimwengu unafanana zaidi na funguo kuliko na mwenye funguo, maana kila nikiutazama naona vitu vinavyokuja na kuondoka. Wodini huhitaji darubini kuliona hilo. Lakini sitamdanganya kijana kwamba Russell alijibiwa akanyamaza.

Augustino wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Algeria, alikutana na ndugu wa swali hili: Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba? Anataja katika Maungamo kwamba kuna aliyejibu kwa mzaha kuwa Mungu alikuwa akiwaandalia jehanamu wadadisi. Augustino alikataa kujibu hivyo. Alisema wakati wenyewe ni kiumbe, kwa hiyo hapakuwa na "kabla" ya kuulizia.

Idi iliyopita tulikuwa kwa dada. Watoto wakashikana tena.

"Kwa hiyo Mungu hakuwahi kuwa mtoto mdogo," akasema mwanawe.

"Aliwahi," akasema binti yangu. "Krismasi."

"Hakuwahi!"

Wakatugeukia. Dada akawaambia wanaamini nini nyumbani kwake na kwa nini, taratibu. Nami nikawaambia ya kwetu. Wakasikiliza zote mbili, kisha wakauliza kama kaimati zimebaki.