Kutoka Chuo cha Jamii hadi Berkeley (2): Krediti Inayopokelewa na Krediti Inayohesabika

Juma lililopita tuliishia mwaka 1960, pale gavana Pat Brown alipotia saini sheria iliyopanga elimu ya juu ya California katika ngazi tatu. Kwa aliyeikosa sehemu hiyo: Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi za Berkeley na Los Angeles (UCLA) miongoni mwa nyingine, kilitengewa mhitimu mmoja bora katika kila wanane wa sekondari, vyuo vikuu vya jimbo vikapewa theluthi bora, na vyuo vya jamii vikaachiwa yeyote anayeweza kufaidika na masomo. Leo vyuo hivyo vya jamii ni 116.

Kifungu kimoja cha mpango ule hakitajwi sana, nacho ndicho kinachobeba makala ya leo. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, na wenzake waliagiza kwamba katika chuo kikuu, wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo wasizidi 40 kwa mia, na 60 wawe wa miaka miwili ya mwisho. Maana yake ni kwamba viti vya mwaka wa tatu viliongezwa kwa makusudi ili vikaliwe na watakaotoka vyuo vya jamii. Mzazi anayenong'ona kwamba mwanawe "ameingilia mlango wa nyuma" hajui historia. Hata kabla ya mpango huo njia ilikuwa ikipitika: Jackie Robinson, Mmarekani Mweusi aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli, alianzia chuo cha miaka miwili cha Pasadena ndipo akahamia UCLA mwaka 1939.

Kwa hesabu za miaka ya karibuni, UCLA huchukua chini ya mmoja kati ya waombaji kumi wanaotoka sekondari, lakini kwa wanaoomba kuhamia huchukua karibu mmoja kati ya wanne, na wengi mno wao wametoka vyuo vya jamii vya California. Hao hutangulizwa hata mbele ya mwanafunzi anayetaka kuhama kutoka chuo kikuu kingine. Kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa dhamana ya maandishi: timiza masharti haya, nafasi ni yako. Berkeley, UCLA na San Diego hazitoi dhamana hiyo.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika uchaguzi wa kozi, na linaanza siku ya kwanza ya kujiandikisha.

Sharti la kuhamia linasomeka jepesi: krediti 60 za mihula ya kawaida, na wastani wa alama usiopungua 2.4 kwa mkazi wa California, 2.8 kwa asiye mkazi. Vijana wengi huishika hiyo 60 wakadhani wamemaliza. Chuo kikuu kinaweza kuzipokea krediti zako zote 60 na bado kisikuchukue, au kikakuchukua kisha ukajikuta unasoma upya mambo ya mwaka wa pili. Krediti kupokelewa ni jambo moja. Kuhesabika katika shahada ya fani yako ni jambo jingine kabisa.

Chukua anayetaka uhandisi wa umeme. Anadaiwa kalkulasi ya kwanza, ya pili, kisha ya vigezo vingi, aljebra mstari, milinganyo ya tofauti, na juu yake fizikia na kuandika programu. Hisabati hizo hufuatana. Huwezi kuruka moja. Akianzia hisabati ya maandalizi, muhula wa kwanza umekwenda. Kalkulasi tatu zinakula mihula mitatu iliyobaki. Miaka miwili imekwisha, na asiposoma likizo ya kiangazi au kubeba kozi mbili za hisabati kwa mpigo, aljebra mstari na milinganyo hajazigusa. Fizikia nayo ina mtego wake. Chuo cha jamii hufundisha fizikia zaidi ya moja: ipo inayotumia kalkulasi na ipo isiyotumia. Ya pili ni rahisi, ina alama nzuri, na kwa mhandisi haina faida yoyote.

Ndiyo maana jimbo lina mfumo uitwao ASSIST, unaoonyesha kozi hii ya chuo hiki inasimama badala ya kozi ipi ya kampasi ile. Mshauri wa masomo anaweza kukosea, rafiki wa darasani atakosea, lakini mkataba ulioandikwa humo ndio unaosomwa siku ya uamuzi. Uchapishe mwaka unapoanza, uuweke.

Hili si la California peke yake. Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Sehemu kubwa ya fedha na miaka ya watu ilimwagwa, na aghalabu hakuna aliyefeli mtihani.

Kuna na suala la wakati. Fomu za kuhamia Chuo Kikuu cha California hufungwa mwisho wa Novemba au siku za mwanzo za Desemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuhamia. Anayekusudia kukaa miaka miwili tu huijaza akiwa ndiyo kwanza ameanza mwaka wa pili, na alama alizo nazo mkononi ni za mihula miwili. Kwa hiyo wanaosema "mwaka wa kwanza nizoee mazingira kwanza" wanazoea kwa gharama ya mwaka pekee utakaosomwa kwa ukamilifu. Maswali ya insha ni manne, kila jibu maneno 350 kwa upeo. Swali la lazima halihusu shida ulizopitia utotoni. Linauliza umejiandaaje kwa fani unayoomba. Jibu lake ni zile kozi.

Vyuo binafsi maarufu ni habari nyingine. Princeton ilisimamisha uhamisho mwaka 1990 na kuufungua tena 2018, ikatoa nafasi 13. Stanford huchukua wachache mno. Kuomba si dhambi, lakini kupanga maisha juu ya nafasi hizo ni kamari.

Kwa msomaji mwenye kijana anayeondoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi, ya F-1, yapo mambo mawili ya kuongeza. Ile ada ya dola 46 kwa krediti mnayoisikia ni ya wakazi wa California. Mgeni hulipa mamia ya dola kwa krediti ileile. Tena lazima awe na krediti 12 au zaidi kila muhula, kwa hiyo kuacha kozi ngumu katikati ili kulinda wastani kunaweza kumgharimu viza. Akipata nafasi, amwombe ofisa wa wanafunzi wa kigeni katika chuo cha zamani ahamishe rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha asubiri I-20 mpya, yaani hati ya kustahiki viza ya mwanafunzi, kutoka chuo kikuu.

Juma lijalo: ada, misaada ya fedha, na kwa nini mwaka wa tatu huwa ghali kuliko miwili ya mwanzo ikijumlishwa.