Kompyuta ya hospitali ikijaa, mgonjwa hungoja

Msomaji, umewahi kufika hospitali alfajiri, ukachukua nambari, ukakaa kwenye benchi mpaka saa tano, kisha karani akachungulia dirishani na kusema, "Mtandao umelala, ngojeni"? Ikiwa wewe hujawahi, huenda mzazi wako aliye mashambani amewahi. Juma hili tunazungumzia maradhi ambayo hayaonekani kwa kipimo cha damu: kompyuta ya hospitali iliyojaa, au iliyochoka.

Chukua mfano wa mama anayeishi Sigalame, kaunti ya Busia. Ana kisukari na shinikizo la damu. Wewe mwanawe uko Nairobi, na kila mwezi unamtumia nauli ya kwenda kliniki. Siku hiyo anaambiwa faili yake haifunguki, arudi kesho. Nauli imekwisha. Anarudi nyumbani bila dawa, na kwa kuwa hataki kukusumbua, hakwambii. Hapo ndipo hatari ilipo.

Faili hiyo huwa wapi hasa? Hospitali na vituo vingi vya serikali nchini hutumia programu ya KenyaEMR, iliyoanza mwaka wa 2012. Kwa kawaida hukaa katika seva, yaani kompyuta kuu, iliyomo ndani ya kituo chenyewe. Hesabu za jumla, kama vile watoto wangapi wamechanjwa, hupelekwa katika mfumo mwingine uitwao DHIS2. Kenya iliueneza nchini kote mwaka wa 2011 kwa kutumia seva moja kuu na kompyuta za mbali za kukodi, zile ambazo wataalamu huziita "wingu". Usidanganywe na jina hilo. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, nayo ina kiasi chake na ada yake. Ada isipolipwa, mlango hufungwa.

Watu huchanganya mambo mawili: nafasi na kasi. Wakazi wa Malaba wataelewa upesi. Mwaka wa 2020 malori yalipopanga foleni ndefu mpakani, shida haikuwa ufinyu wa barabara peke yake. Madereva walikuwa wakingojea majibu ya vipimo vya COVID-19. Barabara ni nafasi. Dirisha la karani ni kasi. Baadaye mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta mfumo wa kielektroniki ili majibu ya dereva yaonekane katika nchi zaidi ya moja.

Tuanze na nafasi. Maandishi ya mgonjwa mmoja ni madogo sana, kilobaiti chache kwa kila ziara. Kinachojaza diski ni picha. Eksirei moja ya kifua huweza kuchukua megabaiti 10 au zaidi, na picha za CT za mtu mmoja hufika mamia ya megabaiti. Mhalifu mwingine ni nakala za akiba zinazorundikwa katika diski ile ile ya faili asili. Huo ni uzembe, kwani diski ikiharibika vyote huenda pamoja.

Fundi makini hangoji diski ijae. Huiangalia kila wiki na kuweka kengele ilie ikifika asilimia 80. Tuseme diski ni ya gigabaiti 500, tayari 400 zimetumika, na kila mwezi zinaongezeka 10. Imebaki miezi 10. Huo ni muda wa kutosha kuomba fedha za diski mpya, kwa jinsi tunavyozijua ofisi zetu. Ikijaa kabisa, muuguzi huandika majibu, akibonyeza kuhifadhi yanakataa. Au nakala za akiba hukoma kimyakimya, na hakuna anayejua mpaka siku seva inapoibwa. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama nakala ipo. Lazima ijaribiwe kufunguliwa.

Kasi nayo hupimwa kwa sekunde. Ukurasa ukifunguka kwa sekunde 20 badala ya 2, unapoteza sekunde 18. Wagonjwa 120, kila mmoja kurasa tano, ni saa tatu zilizopotea siku hiyo. Katika DHIS2 msongamano unaweza kutabirika: fomu za mwezi hutakiwa kutoka vituoni kufikia tarehe 5, na kuingizwa kufikia tarehe 15. Makarani wengi hungoja siku za mwisho. Anayepima kasi tarehe 25 pekee anapima barabara usiku.

Wewe msomaji huwezi kuingia chumba cha seva, lakini yapo unayoweza kufanya. Mwambie mzazi asitupe kadi yake. Majina ya dawa, vipimo na tarehe viandikwe katika daftari la shilingi chache. Mimi bado naliamini daftari kuliko simu. Ukipiga picha ya majibu kwa simu, funga simu hiyo kwa nambari ya siri, hasa kama ni majibu ya virusi vya UKIMWI. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako, kwa hiyo omba nakala bila woga. Wanaovuka kwenda Uganda kikazi wasitegemee kwamba faili itawafuata. Wabebe barua ya kuhamishwa kliniki.

Tena, uliza kituo chenu: mtandao ukikatika, mnaandika wapi? Kituo kilichojiandaa kitakuonyesha rejista ya karatasi. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, kifafa au anayetumia ARV asirudishwe mikono mitupu kwa sababu ya kompyuta. Aombe walau dawa za siku chache, na kadi yake iwe ushahidi. Afike kliniki wiki moja kabla ya vidonge kwisha, ili akiambiwa "njoo kesho", kesho hiyo iwepo.